Kwenye orodha ya kampuni, sisi tuko wapi?

(Maneno yaliyosemwa Kolwezi mbele ya vijana wa kartie na wa vijiji vya pembeni. Tumeyaandika namna yalivyosemwa. Tumepunguza tu pale watu walikuwa wanacheka na pale umeme ulikatika.)

Nitasema Kiswahili chetu cha hapa, na pale neno litakuwa nguvu nitasoma kwenye karatasi.

Nianze na mama mkubwa wangu. Iko pale nyuma, mwenye kitambaa cha kijani. Musimwangalie sana, atapata haya. Mama huyu analima lengalenga na viazi vitamu pembeni ya kamto kamoja kanakopita chini ya kiwanda cha madini. Jina la kiwanda sitalitaja leo, si juu ya woga, ni juu karatasi zetu bado hazijakamilika, na mutaelewa mbele kwa nini karatasi ni jambo kubwa.

Siku moja, kisha mvua ya nguvu, maji yakabadilika rangi. Juma lililofuata majani ya mboga yakaanza kuungua pembeni, kama mtu aliyepitisha moto. Mama akaenda mlangoni pa kampuni. Mlinzi akamwambia angoje. Akangoja mpaka jua likazama. Akarudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu. Mara ya tatu kijana mmoja mwenye jile ya rangi ya chungwa akatoka, akamsikiliza vizuri, akamwita mama kwa adabu, akasema watakuja kuangalia. Kweli walikuja. Mama mwenyewe anasimulia hivi: "Bakakuya na motoka, bakapiga foto, bakaenda." Basi.

Miezi ikapita. Kampuni ikaita mkutano na jamii, mahema, viti vya plastiki, fanta. Wakaonyesha kazi yao ya mwaka kwenye ukuta. Kulikuwa na mstari mmoja: malalamiko yaliyopokelewa juu ya maji, sifuri. Nikanyoosha mkono. Nikasema, mama mkubwa wangu alikuja hapa mara tatu. Mkubwa mmoja wa kampuni akanijibu kwa upole kabisa: "Ndugu, hatukupokea karatasi yake hata moja." Kisha akatuonyesha cheti ndani ya fremu ya kioo. ISO 14001. Watu wakapiga makofi, na mimi pia nilipiga, juu nilikuwa sijui ni nini.

Nilirudi nyumbani na hasira. Kisha nikaanza kusoma. Ile nimesoma ndiyo nimekuja kuwagawia.

Kile cheti kinahusu mfumo wa usimamizi wa mazingira. Musifikiri ni mashine ya kusafisha maji. Ni namna ya kuendesha kazi. Kampuni inaandika sera yake, inaorodhesha mahali kazi yake inagusa maji, hewa, udongo na watu, inaweka malengo, inamtaja mwenye kuwajibika kwa kila kitu, inapima, inajikagua, inasahihisha makosa, halafu inaanza tena. Toleo la kwanza la kanuni ile lilitoka mwaka 1996, likarekebishwa 2004, likarekebishwa tena 2015. Shirika la ISO lenyewe, lenye makao Geneva, halitoi cheti kwa mtu. Vinavyotoa ni vyama vya ukaguzi, na vinalipwa na kampuni inayokaguliwa. Cheti kinaishi miaka 3, na kila mwaka mkaguzi anapaswa kurudi kuangalia.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, juu ndipo wengi tunadanganywa, na wakati mwingine tunajidanganya wenyewe. Kanuni ile haisemi maji ya mto yawe na asidi kiasi gani au kobalti kiasi gani. Hiyo ni kazi ya sheria ya nchi. Kanuni inadai kampuni iahidi kufuata sheria, iwe na utaratibu, na iweze kuonyesha kwamba inaufuata. Kwa hiyo mtu akikuonyesha cheti na kusema "munaona, maji ni safi", anakuonyesha kitu kimoja na kukuambia kingine.

Basi kwa nini kampuni inajisumbua kuingia katika mfumo huo? Hakuna mkurugenzi anaamka asubuhi ameota mto. Inaingia kwa sababu kuna mtu ameiuliza, na mtu yule ana kitu mkononi ambacho kampuni inakihitaji.

Mwaka 1999 kule Marekani, Ford na General Motors waliwaambia wale wanaowauzia vipuri: mutafute cheti cha ISO 14001, na tarehe ya mwisho ni hii. Viwanda vingi ambavyo havikuwahi kufikiria jambo hilo vikaanza kukimbia. Hakukuwa na maandamano pale, hata mwananchi mmoja hakulia. Mnunuzi alisema, mwuzaji akatii.

Karibu na kwetu zaidi: mwaka 2019 soko la metali la London, lile ambalo bei yake ya shaba tunaisikia kwenye redio, lilitangaza kanuni mpya. Kila mzalishaji anayetaka chapa yake ibaki kwenye orodha ya soko lile alipewa mpaka mwisho wa 2023 kuwa na cheti cha mazingira, ISO 14001 au kinacholingana nacho, pamoja na cha usalama wa wafanyakazi. Nchi yetu ndiyo inatoa sehemu kubwa kupita zote ya kobalti ya dunia, karibu 70 kwa mia. Basi wenye kutengeneza betri za motoka kule Ulaya na Uchina nao wanaulizwa na wateja wao kobalti ilitoka wapi na namna gani. Wao wanaiuliza kampuni. Na benki inayokopesha inauliza pia, juu haitaki kukopesha kitu ambacho kesho kitafungwa.

Kwa hiyo fremu ile ya kioo niliyoipigia makofi, kwa sehemu kubwa haikutundikwa kwa ajili ya mama mkubwa wangu. Ilitundikwa kwa ajili ya mtu wa mbali ambaye hajawahi kuona lengalenga.

Kwa Kiswahili cha redio watu wote hao wanaitwa wadau: mnunuzi, benki, serikali, mfanyakazi, mwenye hisa, jirani. Neno linawaweka wote katika safu moja, kama wako sawa. Hawako sawa. Mnunuzi akikasirika, kampuni inapoteza soko. Leta ikikasirika, inaweza kusimamisha kazi, hata kama tunajua kwamba mara nyingine hasira yake inapoa haraka kwa sababu tunazozijua. Mfanyakazi akikasirika anaweza kugoma, ila yule wa mkataba wa siku kwa siku anagoma leo, kesho nafasi yake imeshapata mtu. Na mama wa kamto akikasirika? Anarudi nyumbani na jembe lake.

Mukumbuke mambo ya Tshikapa, mwaka 2021. Bwawa la taka za mgodi wa almasi wa Catoca, upande wa Angola, lilivuja, maji mekundu yakashuka katika mto Tshikapa mpaka mto Kasai, samaki wakaelea wamekufa. Mwezi wa 9 waziri wetu wa mazingira, Ève Bazaiba, akatangaza kwamba watu 12 wamekufa na maelfu wameugua. Kampuni ilikubali kwamba kulikuwa na uvujaji, ila ilisema kilichotoka ni mchanga na udongo. Mimi si mwanakemia, sitaamua kesi hapa. Ninauliza tu: mwanamke aliyechota maji Tshikapa, kwenye orodha ya nani jina lake lilikuwa limeandikwa kabla ya bwawa kuvuja? Hakuwa mfanyakazi, hakuwa mnunuzi, hakuwa hata raia wa nchi ile. Alikuwa anakaa chini ya mto tu.

Sasa turudi kwenye ile kanuni, juu kuna mlango ndani yake na wengi hatuujui. Toleo la 2015, sehemu ya 4, linaiamuru kampuni itaje watu wanaohusika na kazi yake ya mazingira, iandike mahitaji yao na matarajio yao, kisha iamue ni yapi inayachukua kuwa wajibu. Soma tena: iamue. Kampuni yenyewe ndiyo inaandika orodha ya majirani zake. Kama haukujulikana, haukuandikwa. Kama haukuandikwa, mkaguzi akija hatakutafuta, juu yeye anakagua kile kilichoandikwa, halafu anaangalia kama kinafanyika. Ndiyo maana mwaka ule sifuri ilikuwa "kweli". Kijana wa jile hakusema uongo wowote. Mama hakuingia kwenye kitabu, na kitabu ndicho kilisomwa ukutani.

Lakini mlango ni mlango. Kanuni ileile inasema sera ya mazingira ya kampuni iweze kupatikana na watu wanaohusika. Kwa hiyo ukienda kuiomba, hauombi msaada. Inasema kampuni inapaswa kujibu mawasiliano yanayohusu mfumo wake. Na inasema kwamba wakubwa wakikaa kuupima mfumo, kati ya mambo ya kuangalia mezani ni mawasiliano ya watu wanaohusika, pamoja na malalamiko. Neno malalamiko liko mule ndani, si mimi nimeliongeza.

Ndugu mmoja aliniuliza jana, na alisema kweli: "Yaya, ba-auditere banalipwa na kampuni, karatasi yetu itafanya nini?" Nilimjibu hivi. Mkaguzi analipwa na kampuni, ndiyo. Ila chama chake nacho kinasimamiwa, na kinalazimika kuwa na njia ya wazi ya kupokea malalamiko juu ya kampuni kilizozipa cheti. Jina la chama hicho liko juu ya cheti. Barua yenye tarehe, yenye kashe ya kupokelewa, yenye foto, ikifika kwa kampuni na nakala ikafika kwa chama cha ukaguzi, haiwezi tena kugeuka sifuri bila mtu fulani kuamua kwa mkono wake kuifanya sifuri. Na mtu mwenye mshahara mzuri anaogopa sana kuacha alama ya mkono wake. Sisemi itafanya kazi kila mara. Ninasema mpaka leo hatujaipa nafasi ya kufanya kazi hata mara moja.

Kitu kingine juu ya cheti. Musome maandishi madogo. Cheti kinasema kinahusu eneo gani na kazi gani. Inaweza kuwa kiwanda kimeingia na bwawa la taka halikuingia. Inaweza kuwa mgodi umeingia, na barabara ya vumbi wanayopita malori ya kampuni ndogo zilizopewa kazi haikuingia. Muulize tu: bwawa liko ndani ya cheti au liko nje? Muangalie sura zao.

Sheria ya nchi nayo ipo, tusiisahau kama yale mambo ya ISO yametupendeza. Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, tena inamwekea wajibu wa kuyatetea. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2011 inadai mradi mkubwa uchunguzwe athari zake na wananchi waulizwe kabla. Kutoka hapo ndipo inatoka ile PGES, mpango wa kusimamia mazingira na jamii, na ofisi ya serikali inayoichunguza ni ACE. Na sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 ilileta kaye de sharji ambayo kampuni inasaini na jamii, pamoja na ile 0.3 kwa mia ya mauzo inayopaswa kwenda kwenye maendeleo ya jamii.

Hapa nataka kuwakemea kidogo, na mimi nikiwemo. Tunapiga kelele nyingi juu ya 0.3 kwa mia, juu kule kuna feza, kuna kamati, kuna viti. Shule, kisima, uwanja wa mpira. Ni haki yetu, tuidai. Lakini nimeona mkutano ambapo mtu alisimama kuuliza juu ya maji, na mwakilishi wetu wenyewe, si wa kampuni, akamwambia akae, asiharibu mambo ya uwanja. Zile ni hesabu mbili mbalimbali. Ile ya maji haifutwi na ile ya uwanja.

Na hao wawakilishi, ni nani anawachagua? Mara nyingi ni papa mmoja mwenye koti, mwenye ukoo na shefu, anayerudi na pesa ya usafiri. Wamama ambao ndio wanaingia majini mpaka magotini hawamo. Sisi vijana wa mjini pia tusijidanganye: tunafika na simu na maneno makubwa, tunaongea mahali pa mama ambaye anajua rangi ya maji kwa kila mwezi wa mwaka. Kwenye barua tunayoandika, jina la kwanza liwe la mwenye shamba. Sisi tuandike chini, kama mashahidi.

Juu ya maandamano. Siyakatai, munanijua, nimelala kacho mara mbili juu ya maandamano. Lakini nimejifunza kitu. Tukiandamana mlangoni pa kampuni, tunaandikwa kwenye kitabu cha idara ya usalama. Tunakuwa "tukio". Kitabu cha idara ya mazingira kinabaki cheupe. Ni vitabu viwili, ofisi mbili, na wakati mwingine wenye ofisi hizo hawasalimiani. Tukiandamana bila kuwa tumeandika kwanza, tunawapa nafasi ya kusema: hawakuja kamwe kwa njia ya kawaida.

Wale kati yenu munafanya kazi ndani, hata ya siku kwa siku: ninyi pia ni wadau, na kanuni inataka mfanyakazi ajue sera na ajue kazi yake inaharibu nini. Ila hapa mbele ya watu sitamwomba mtu yeyote alete foto za ndani. Tusimpeleke mtoto wa mtu kwenye kupoteza mkate halafu sisi tukaendelea na mikutano. Mtu akiwa na neno, anajua wapi nakaa.

Sasa kazi. Kila kartie ya pembeni ya maji iwe na daftari moja. Tarehe, saa, mvua ilinyesha ao haikunyesha, rangi ya maji, harufu, samaki, nani aliona. Foto yenye kuonyesha mahali. Kuna vikaratasi vya kupima asidi, si vya bei kubwa, tutavitafuta. Ila mujue, vile vinaonyesha asidi tu. Havionyeshi kobalti wala shaba. Mtu asitoke hapa akaanza kutangaza kwenye mitandao kwamba amepima sumu. Metali zinahitaji maabara, na kwa hilo tuko na watu wetu. Profesa Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji ndio walipima damu na mkojo wa watu wa Kasulo, hapa hapa Kolwezi, na mwaka 2018 wakachapisha kwamba kobalti ilikuwa nyingi katika miili ya wakaaji, zaidi watoto, kuliko katika kartie ya jirani. Watu wote tulikuwa tunajua Kasulo kuna vumbi. Ilipoandikwa na kupimwa ndipo dunia ilianza kusoma.

Barua ya kwanza iko hapa mezani, ya mama mkubwa. Tumeandika ukurasa mmoja na nusu: lini maji yalibadilika, mara 3 alizokwenda mlangoni, shamba liko wapi, na maswali manne. Bwawa liko ndani ya cheti chenu? Mama huyu na majirani zake wako kwenye orodha yenu ya watu wanaohusika? Mulipima nini siku mulipokuja kupiga foto? Majibu tutayapata tarehe gani? Nakala moja kwa ACE, moja kwa chama cha ukaguzi, moja inabaki kwetu. Jumatatu saa mbili asubuhi watu watano tu wataipeleka, wamevaa vizuri, bila bango, na hawatoki pale kabla nakala yetu haijapigwa kashe. Mlinzi akikataa kuipokea, tunaandika jina lake na saa, na tunarudi Jumanne na kaka yangu ambaye ni wakili.

Mama hajui kuandika, kwa hiyo ataweka kidole. Wino uko. Wale ambao mashamba yao yako upande huo wa kamto, mupite kwanza, kisha sisi wengine. Mama, karibu mbele.